Skrubu Nne za Fender

Besi ya Fender hufunguka kama kabati. Unalegeza nyuzi, unailaza kifudifudi juu ya taulo, unachukua bisibisi ya nyota na kutoa skrubu nne zilizopita kwenye bamba la chuma mgongoni, na shingo yote inakubakia mkononi. Dakika tano zinatosha. Kwenye kisigino cha shingo hiyo, mahali ambapo jasho la mtu halifiki, mara nyingi kuna mhuri wa wino uliofifia: namba, mwezi, mwaka na herufi moja. Kwa besi ya miaka ya 1960 hakuna ushahidi unaotafutwa kama huo. Lakini shingo iliyotoka kwa dakika tano inaweza kuingia kwenye kiwiliwili kingine kwa dakika tano zilezile, na mhuri wake ukaenda nayo.

Wanaoniletea besi ya mtumba niitazame huuliza swali moja: "Hii ni orijino?" Wakiuliza, kidole kimeshafika kichwani, kwenye jina. Swali hilo linaichukulia besi kama noti ya benki, ama ya kweli ama bandia. Besi si noti. Inaweza kuwa na shingo ya kiwanda kimoja, kiwiliwili cha kiwanda hichohicho lakini cha miaka kumi baadaye, pikapu (kile kinasa mtetemo wa nyuzi, si gari la kubebea mkaa) iliyosukwa upya na fundi, na rangi ya juzi. Kila kipande ukikipima peke yake kinaweza kuwa cha kweli, na besi nzima ikawa uongo. Ndiyo maana kabla ya kugusa jina huwa nauliza iliundwaje, kwa kuwa muundo ndio unaomwonyesha mdanganyifu pa kuingilia.

Leo Fender, mwenye kampuni hiyo, hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi wa redio mjini Fullerton, California, aliyefungua duka lake la matengenezo mwaka 1938, na aliyatazama magitaa kwa jicho la fundi wa redio: kilichoharibika kitoke, kingine kiingie. Waundaji wengi wa magitaa waligandisha shingo kwa gundi kama seremala wa fanidi za gharama. Yeye aliifunga kwa skrubu. Alipotoa Precision Bass mwishoni mwa mwaka 1951, alikuwa anawatatulia wapigaji wa besi kubwa ya kusimama matatizo mawili: chombo chao kilikuwa kizito kukibeba, na kikimezwa na ngoma na tarumbeta. Juu ya hayo, besi ile haina freti, vile vyuma vya kugawa noti shingoni, kwa hiyo sauti sahihi inatafutwa kwa sikio. Fender aliweka freti, na jina Precision likatoka hapo. Hakuwa wa kwanza. Paul Tutmarc wa Seattle alishatengeneza besi ya umeme yenye freti katikati ya miaka ya 1930. Ila ya Fender ndiyo iliyogeuka kipimo. Uzi wake unatetema kwa urefu wa inchi 34, karibu sentimita 86, na besi nyingi zinazotengenezwa leo bado zinafuata urefu huo.

Precision tunayoijua kwa macho ilikamilika mwaka 1957, pikapu yake ilipogawanywa vipande viwili, kimoja kikihudumia nyuzi mbili nene na kingine nyuzi mbili nyembamba. Vipande hivyo vimesukwa kinyume, kwa hiyo mvumo wa umeme unaoingia kwenye kimoja unafutwa na mwenzake. Sauti yake ni nene, ina kifua, na inakaa chini ya mwimbaji bila kugombana naye. Mpiga besi James Jamerson alipiga Precision ya mwaka 1962 kwenye rekodi nyingi za Motown, na ukizisikiliza utaelewa kwa nini maprodyuza mpaka leo huomba besi hii hata wakiwa hawajui jina lake.

Jazz Bass ilifuata mwaka 1960. Shingo yake ni nyembamba pale nyuzi zinapoingia kichwani, milimita 38 hivi dhidi ya 44 za Precision ya wakati huo, na vidole vifupi vinalihisi hilo mara moja. Ina pikapu mbili, moja karibu na shingo na nyingine karibu na daraja, ambako uzi ni mgumu zaidi na sauti ina ukali. Ukizichanganya unapata sauti inayosikika kila noti, nzuri kwa mtu anayepiga maneno mengi. Kwa maoni yangu, Precision ni ya anayeshikilia wimbo na Jazz ni ya anayejibizana nao. Najua wapiga besi wa dansi watakaonipinga, na wengine wao ni wazuri kuliko mimi.

Pikapu mbili hizo zinakupa kipimo cha kwanza, na hakihitaji bisibisi. Kila moja peke yake inavuma. Zimesukwa kinyume, kwa hiyo ukizifungua zote mbili mpaka mwisho mvumo unapungua sana. Ukishusha moja, unarudi. Ukifungua zote na besi ikaendelea kuvuma vilevile, au sauti ikawa nyembamba kama ya redio mbovu, shuku kwamba pikapu moja ilibadilishwa au waya umeunganishwa vibaya. Muuzaji atasema ni amplifaya. Mwombe akuletee nyingine.

Nje ya Fender, waundaji walifuata njia tofauti. Gibson walitoa besi yao ya kwanza ya umeme mwaka 1953, yenye umbo la fidla na uzi mfupi wa inchi 30 na nusu, shingo ikiwa imegandishwa kwa gundi. Höfner wa Ujerumani nao wakaja na 500/1, fidla nyingine, yenye kiwiliwili chenye uwazi ndani na nyepesi mno. Ukiiweka begani baada ya Precision unaweza kudhani umesahau kitu nyumbani. Rickenbacker 4001 ya mwaka 1961 haina hata kiungo: ubao wa katikati unapita kutoka kichwani hadi mkiani, na mbavu zimebandikwa pembeni. Kisha Leo Fender, aliyeiuza kampuni yake kwa CBS mnamo Januari 1965 kwa dola milioni 13, alirudi uwanjani kupitia kampuni ya Music Man, na mwaka 1976 ikatoka StingRay, yenye pikapu moja kubwa na kikuza sauti kidogo ndani kinachotumia betri.

Tofauti hizi zina maana kwa mnunuzi kuliko anavyodhani. Rickenbacker huwezi kuipandikiza shingo bila kuichinja, kwa hiyo hila zake huwa ni nakala nzima, au rangi mpya iliyofunika mbao iliyopasuka. Ubaya wa Gibson nyingi uko nyuma ya kichwa. Kichwa kimelala kwa pembe, nyuzi za mbao zimekatika hapo, na ikianguka chali inavunjika kama kuku aliyenyongwa. Fundi mzuri anaiunga, anaipaka rangi, na huoni kitu mpaka upitishe tochi kwa mlalo. Kwenye StingRay hakikisha kikuza sauti ni chake, maana kikifa watu hutia chochote kinachoingia. Fender ndiyo yenye milango mingi. Chombo kilichoundwa ili kirekebishike na mtu yeyote, mtu yeyote anaweza pia kukighushi. Leo Fender alitoa zawadi moja kwa mafundi na kwa matapeli, na sidhani angeweza kuwabagua.

Turudi kwenye kisigino. Kabla ya mwaka 1962 tarehe iliandikwa kwa penseli. Kuanzia mwaka huo ikapigwa kwa mhuri. Mhuri wa kawaida unaanza na namba ya aina, 5 kwa Precision na 7 kwa Jazz, kisha mwezi na mwaka, kisha herufi ya upana wa shingo: A ni nyembamba, B ya kati, C pana. Precision ikikuonyesha 7, kuna ndoa imefungwa hapo bila mashahidi. Ila kumbuka kwamba mhuri unasema siku shingo ilipokamilika tu. Shingo ilingoja, kiwiliwili kikangoja, vikakutana baadaye, na hakuna kibaya katika hilo.

Tarehe nyingine imefichwa chini ya kinga ya plastiki, kwenye vidhibiti vya sauti, vile vikopo vinavyoshikilia nobu. Mgongoni pana tarakimu. Tatu za kwanza ni za kiwanda, 137 ikiwa CTS na 304 ikiwa Stackpole. Zinafuata za mwaka, na mbili za mwisho ni za wiki. Kwa hiyo 1376633 ni CTS, wiki ya 33 ya mwaka 1966. Wengi huusoma mwaka huo kama cheti cha kuzaliwa, na hapo ndipo wanapokosea. Kidhibiti kinakuambia besi haikuweza kuunganishwa kabla ya wiki hiyo, basi. Fender walinunua shehena kubwa ya vidhibiti mwaka 1966 wakaendelea kuvitumia kwa miaka, kwa hiyo besi ya mwaka 1969 yenye vidhibiti vya 1966 ni ya kawaida kabisa. Lakini besi inayodaiwa kuwa ya 1964 haiwezi kuwa navyo, isipokuwa vilibadilishwa. Angalia basi kama risasi ya kuunganishia imeguswa. Risasi ya zamani imefifia na kutulia. Mpya inang'aa, na mara nyingi pembeni yake kuna waya uliobabuka.

Namba iliyopigwa kwenye bamba la mgongoni ndiyo inayoaminiwa kuliko zote, na mimi ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Mpaka mwaka 1976 namba ya Fender ilikaa hapo, kwenye kipande cha chuma kinachoshikiliwa na skrubu zilezile nne. Wafanyakazi walichota mabamba kutoka kwenye boksi bila kufuata mpangilio, kwa hiyo hata namba halali inakupa miaka miwili au mitatu ya kukisia. Namba ya bamba bila ushahidi mwingine ni shahidi aliyefundishwa.

Rangi ndiyo inayohitaji jicho. Hadi karibu mwaka 1968 Fender walitumia lakeri ya nitroselulosi, nyembamba, inayopauka na kupasuka mistari midogo kama udongo wa bwawa lililokauka. Baadaye wakahamia poliesta, nene na ngumu, inayobanduka vipande kama ganda la yai. Besi ya 1963 yenye ganda nene imepakwa tena. Kuna kipimo kingine ninachokipenda zaidi kwa sababu watu wachache hukifikiria. Hadi katikati ya miaka ya 1960 viwiliwili vilipakwa rangi vikiwa vimeshikiliwa na misumari midogo, ambayo iling'olewa rangi ilipokauka. Toa kinga ya plastiki na uvitafute vitundu hivyo. Ndani ya kitundu halisi mna mbao tupu. Ukikuta rangi imeingia ndani, au vitundu havipo kabisa, kuna mkono uliopita hapo baada ya kiwanda.

Na ubao wa freti, ule wa kahawia iliyokolea. Kati ya mwaka 1959 na katikati ya 1962 ulikuwa mnene na bapa chini yake. Baadaye ukawa ganda jembamba lililopindwa. Unaliona hilo kwa kutazama mwisho wa shingo tu, na si rahisi kulighushi. Mbao ya zamani ilitoka Brazil, Dalbergia nigra, ukoo mmoja na mpingo wetu, na tangu mwaka 1992 biashara yake ya kimataifa imefungwa chini ya mkataba wa CITES. Kwa hiyo besi ya zamani ikivuka mpaka inaweza kuulizwa hati ya mti kabla haijaulizwa hati ya gitaa.

Jina lililo kichwani, lile ambalo kila mtu huanza nalo, limebaki la mwisho kwa makusudi. Mwaka 2009 baraza la kesi za alama za biashara nchini Marekani lilikataa ombi la Fender la kusajili maumbo ya viwiliwili vya Stratocaster, Telecaster na Precision Bass. Lilisema maumbo hayo yameenea kiasi kwamba hayamtambulishi tena mtengenezaji mmoja. Kiwiliwili, kwa hiyo, ni cha kila mtu. Kinacholindwa ni jina na umbo la kichwa. Ugomvi wa mwaka 1977, Norlin, kampuni mama ya Gibson, ilipowashtaki wauzaji wa magitaa ya Ibanez nchini Marekani, nao ulihusu kichwa. Matokeo yake kwa mnunuzi wa mtumba ni mabaya: sheria imeuweka uzito wote kwenye sentimita chache za mbao na karatasi ya kubandika ambayo mtu anaweza kuichapisha. Pitisha kucha pembeni mwa jina. Itazame kwa mlalo, huku mwanga ukiiangukia kwa upande. Lakini usijibu swali lako hapo.

Uchakavu nao umepoteza ushahidi wake. Tangu mwaka 1995 Fender wenyewe wanauza magitaa mapya yaliyochakazwa kwa makusudi, rangi imekwanguliwa na vyuma vimetiwa kutu, kwa bei ya juu kuliko yale ambayo hayajaguswa. Mkwaruzo hauna tena maana ya umri. Uliza: uko mahali pake? Mkono wa mpigaji unakula rangi pale unapoegemea, juu ya ukingo wa kiwiliwili, na kidole gumba kinakula nyuma ya shingo kwenye freti za kwanza. Mkwaruzo uliotapakaa kila mahali kwa usawa ni kazi ya mtu mwenye msasa.

Nakala nazo zimepanda cheo. Wajapani walioanza kunakili magitaa ya Kimarekani walifika mahali ambapo baadhi ya nakala zilikuwa nzuri kuliko Fender za wakati uleule, na mwaka 1982 Fender wakaanza kutengenezesha magitaa yao wenyewe Japani. Besi hizo za mwanzo leo zinasakwa na wakusanyaji, na zina bandia zake. Kopi ya kopi; mtu akikuambia "ni ya Japani" siku hizi anajisifu, miaka arobaini iliyopita alikuwa anaomba radhi.

Hapa nataka kutenganisha mambo mawili ambayo wachambuzi wengi huyachanganya. Kuna kuuliza kama besi ni ya aina inayodaiwa, na kuna kuuliza kama ni besi ile hasa. Vipimo vyote nilivyotaja vinajibu la kwanza, na vinadai usafi: kila kilichobadilishwa kinashusha bei. La pili linajibiwa na makovu. Höfner aliyoinunua Paul McCartney mjini Hamburg mwaka 1961, kwa paundi kama 30, iliibwa London mwaka 1972 na ikapotea kwa zaidi ya nusu karne. Februari 2024 ikatangazwa kwamba imepatikana, ikathibitishwa na Höfner wenyewe, ikarudi kwake. Besi hiyo ilikuwa imepakwa rangi upya na pikapu zake kufungwa upya mwaka 1964. Kwenye Höfner ya mtu asiyejulikana hizo zingekuwa dosari za kushushia bei. Kwa hii, ndizo zilizolingana na picha za Beatles. Jazz Bass ya 1962 ya mpiga besi Jaco Pastorius, iliyoibwa New York mwaka 1986 na kuonekana tena miongo miwili baadaye, ilikuwa imevunjika vipande vipande na kuungwa kabla ya kuibwa. Mafundi walioiunga walipoiona waliitambua kama daktari anavyoutambua mshono wake.

Kwetu swali la pili lina ugumu wake. Katika bendi za dansi za Dar es Salaam vyombo havikuwa vya mwanamuziki. Vilikuwa vya chama, shirika au tajiri aliyeimiliki bendi. Wanamuziki walihama kwa makundi, kama ilivyokuwa mwaka 1978 bendi ya Mlimani Park ilipoanza, na vyombo vikabaki kwa mwenyewe vikingoja mikono mingine. Mpiga besi Suleiman Mwanyiro, aliyeitwa Computer, anakumbukwa kwa vidole vyake, na sijawahi kumsikia shabiki akiuliza alishika besi ya namba gani. Miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika, pikapu ikifa ilisukwa upya na funguo zikatolewa kwenye gitaa jingine. Besi iliyopita katika maisha hayo haiwezi kuwa orijino kwa kipimo cha mkusanyaji wa California, na ningeshangaa ingekuwa. Kwa mpigaji, nayahesabu kwanza mambo mengine: shingo imenyooka, fimbo ya chuma iliyo ndani bado inageuka, freti zina kimo cha kutosha, na kila noti inalia mpaka juu. Kisha bei iwe ya mchanganyiko, si ya jina.

Mimi mwenyewe nililipia jina. Niliuziwa Jazz Bass "ya mwaka 1978" na mtu mpole aliyenipa na chai. Nilikuwa ninajua, na sikutazama. Jazz za wakati huo zilifungwa kwa skrubu tatu, Precision ndiyo iliyobaki na nne. Yangu ilikuwa na nne. Baada ya 1976 namba ilihamia kichwani. Kichwa changu kilikuwa kitupu, na muuzaji alisema imefutika. Nilipofika nyumbani nikafungua kinga, nikakuta vidhibiti vidogo kama vifungo vya shati, na ukingoni mwa tundu tabaka za plaiwudi zimepangana kama kurasa. Chai ilikuwa nzuri.

Sikuirudisha. Inalia vizuri kwenye nyuzi mbili za chini, na niliibadilishia pikapu. Mwaka jana kijana mmoja aliitaka, nikailaza kwenye taulo, nikatoa skrubu, na kwenye kisigino, pasipokuwa na mhuri wowote, nikaandika kwa penseli: kiwiliwili plaiwudi, shingo haijulikani, pikapu zimebadilishwa, jina si lake. Nikatia mwezi na mwaka, nikaifunga tena.